Mashati Yasiyoshonwa Palma

Aliyetukosa juma lililopita asihangaike. Yaliyompata Zubeida mpaka hapa yanaelezeka kwa pumzi moja.

Alikuwa fundi cherehani wa Palma, mwenye jina lake. Vita vilipoingia mjini, cherehani iliungua pamoja na nyumba. Akakimbia na mumewe Mamudo, akaishi kwa watu, akarudi mikono mitupu. Ndipo bwana mmoja wa Nampula, senhor Orlando, alipojenga banda kubwa la mabati kwenye njia ya kwenda Kionga na kutangaza kwamba anataka washonaji. Zubeida akaenda mbio. Akawavuta na wanawake wa Kionga, wa kwanza wao Dalila, shoga yake wa tangu utotoni.

Siku ya kwanza ya kazi hawakupewa kitambaa. Walipewa wembe. Walipofungua maboksi, wakakuta mashati yamekwisha kushonwa, yamekunjwa, yananukia dukani.

"Senhor," alisema Zubeida, wembe mkononi, "haya yameshashonwa."

"Naona."

"Sasa sisi tunashona nini?"

Orlando alichukua shati, akaigeuza kola. Ndani palikuwa na lebo ndogo nyeupe. "Hii mnaitoa," alisema. Akachomoa nyingine mfukoni. "Hii mnaitia."

Lebo iliandikwa kwa Kiingereza, lakini jina la nchi yake Zubeida alilitambua.

"Mashati haya si ya Msumbiji."

"Ni ya China. Yanakwenda Marekani."

"Basi si yaende?"

Orlando hakuwa mtu wa kufoka. Aliketi juu ya boksi, akafuta jasho. "Mana Zubeida," alisema, yaani dada kwa Kireno, "chukua majirani wawili. Mmoja anauza kila siku. Mwenziwe ananunua kila siku, wala hana kikubwa cha kumuuzia yule. Miaka inakwenda. Siku moja mnunuzi anatazama nyumbani kwake, anaona vitu vyote ni vya jirani, na wanawe wamekaa bure kwa sababu hakuna kilichobaki cha kutengeneza. Anaghadhibika. Anaweka ushuru mlangoni. Kitu cha jirani kikiingia, kiingie kwa kuumia."

"Haki yake."

"Labda. Lakini muuzaji maghala yake yamefurika. Atafanyaje? Anatafuta nyumba ya tatu, ambayo haijawekewa ushuru huo, anapitishia vitu vyake huko."

"Na nyumba ya tatu ndiyo sisi."

"Ndiyo sisi."

"Sisi nyumba, senhor, au mlango wa uani?"

Orlando akacheka kidogo. "Anayekaa mlango wa uani naye hula, mana."

Zubeida aliuweka wembe chini. Alitaka kutoka. Dalila alimshika mkono.

"Shoga, mimi nyumbani nimeacha sufuria limefunikwa, ndani hamna kitu," alinong'ona. "Umenileta mwenyewe. Kaa tufumue."

Wakakaa. Wakafumua.

Hakuna kazi nyepesi kama ile. Unapitisha wembe, unavuta uzi, unatia lebo mpya, unapiga mishono michache kwa mkono, unatupa shati kwenye boksi. Mtoto angeiweza. Zubeida, aliyewahi kushona magauni ya maharusi mpaka Mocímboa, alirudi nyumbani jioni ile vidole vimemfa ganzi kwa aibu.

Mamudo alikuwa barazani. Alikuwa mwashi. Ujenzi wa kule kwenye mitambo ya gesi uliposimama, naye alisimama, na tangu hapo alikuwa mtu wa kuketi. Alipomwona mkewe aliinuka, kitu ambacho hakuwa amekifanya kwa muda mrefu.

"Haya, niambie. Leo umeshona nini?"

Angeweza kusema. Ulimi ulikuwa tayari. Akamtazama mumewe machoni, akaona yamechangamka.

"Mashati," alisema.

"Ya nani?"

"Ya Wamarekani."

Mamudo alipiga kofi goti lake. "Subhanallah! Mke wangu anawavisha Wamarekani!"

Maneno yale hayakulala nyumbani. Kesho yake yalikuwa kwenye kahawa, kesho kutwa yako msikitini. Wanaume wakaanza kumwita Mamudo wa Marekani, naye akajidai amechukia, na kumbe amefurahi. Kila jioni alimuuliza mkewe habari za kazi kama mtu anayesikiliza redio.

"Unaanza na kola au mikono?"

"Naanza na mabega. Kola baadaye."

"Na vifungo?"

"Vifungo mwisho."

Alimweleza yote kwa ukamilifu, jinsi alivyokuwa akishona zamani. Huko kusema uongo ndiko kushona pekee alikokuwa amebakiwa nako.

Mtu wa pili aliyedanganywa alikuwa mdogo wake, Awa. Wakati wa kukimbia, Awa na wanawe wawili walitupwa na boti huko Pemba, mji mkuu wa mkoa. Huko alipata kazi kwenye karakana ya mama mmoja, karakana ya kweli, wanawake wanakata vitambaa na kushona nguo zinazouzwa ng'ambo. Alipiga simu akicheka.

"Dada! Nasikia na wewe umeingia kiwandani! Basi sasa sote mafundi."

"Sote mafundi, mdogo wangu," alisema Zubeida. Akakata simu haraka, akasingizia mtandao.

Miezi ikapita. Maboksi yaliingia yakatoka, mengi kuliko samaki sokoni. Kisha siku moja Orlando akaja bandani uso umemshuka.

"Wageni wanakuja," alisema. "Mmarekani mwenyewe, pamoja na mkubwa wa ofisi ya mkoa. Wamesikia Msumbiji sasa inatoa mashati mengi. Wanataka kuona yanakoshonwa."

Wanawake wakatazamana. Dalila akasema, "Basi ndiyo mwisho wetu."

Haukuwa mwisho. Lori lilikuja likashusha cherehani. Cherehani za kweli, zimetumika lakini nzima. Nyuma yake yakashuka majora ya kitambaa cha pamba, meupe na ya buluu.

Zubeida alikigusa kitambaa, akakisugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Alivuta kiti, akatia uzi kwenye sindano, akapiga mshono mmoja ulionyooka. Halafu akainamisha kichwa juu ya mashine akalia, na wenzake wakajifanya hawaoni.

Orlando alingoja anyamaze.

"Sikiliza, mana. Mwenye mali amenipa neno lake. Wageni wakiridhika, mashine hizi hazirudi. Zitabaki hapa hapa. Tutashona kweli."

"Kweli?"

"Kweli. Lakini kwanza waridhike. Nakuhitaji wewe. Wafundishe hawa, na siku yenyewe ukae mbele."

Alipoondoka, Dalila alimsogelea. "Unamwamini yule?"

"Yeye simwamini. Naziamini mashine. Hizi hapa, nazishika."

"Na tutawaambia wageni tulishona maboksi yote yale?"

"Ni uongo wa siku moja, Dalila. Kesho yake utakuwa ukweli."

Dalila alimtazama shoga yake kwa muda. "Mimi nakufuata wewe," alisema. "Si Orlando. Ukumbuke."

Zubeida akawafundisha. Zilikuwa siku za kicheko. Mkono mmoja ulishonwa kinyume, shati lingine likatoka bila tundu la kichwa, na mama mmoja wa Kionga akalivaa hivyo hivyo usoni akacheza. Zubeida alirekebisha, akafumua, akaonyesha tena. Nyumbani Mamudo alipouliza, alijibu bila kutafuta maneno. Kwa mara ya kwanza hakuwa akisema uongo, na Mamudo hakujua tofauti.

Wageni wakaja.

Mmarekani alikuwa mrefu, mpole, shati limemganda mgongoni kwa jasho. Mkubwa wa mkoa alikuwa mwanamke, dona Aurora, mzaliwa wa Inhambane aliyepangiwa kazi huku kaskazini. Ndiye aliyekuwa akimfasiria mgeni.

"Anaomba kuona unavyoshona," alimwambia Zubeida.

Zubeida alishona. Alikata kola, akaigeuza, akaibandika shingoni mwa shati, akaizungushia mshono bila hata kutumia pini. Mgeni alisogea karibu zaidi. Zubeida alipomaliza, yule bwana alipiga makofi kama mtoto. Akamwomba asimame na lile shati, akampiga picha.

Kisha akaelekeza mkono kwenye ukuta wa maboksi nyuma yao. Aurora akafasiri: "Anauliza, na yote yale mmeyashona ninyi?"

Zubeida alihisi macho ya Dalila kisogoni.

"Sisi," alisema.

Aurora hakufasiri papo hapo. Aliinamisha macho, akaitazama sakafu kutoka mlangoni mpaka kwenye maboksi. Kisha akamgeukia mgeni akatamka neno moja.

Wageni walipoondoka, vigelegele vilisikika mpaka barabarani. Mashine hazikurudi. Orlando alitimiza ahadi, na kwa juma zima wanawake wa lile banda walishona mashati kweli, yao wenyewe, kutoka kitambaa mpaka kifungo. Msomaji, lishike juma hilo. Zubeida hakupata jingine.

Habari zilianza redioni. Zubeida alikuwa akipika. Mamudo ndiye aliyesikia.

"Wanasema Marekani imetuwekea ushuru," alisema. "Sisi, Msumbiji. Wa nguo. Mkubwa."

"Sisi? Tumewafanya nini?"

"Wanasema tunawauzia sana na kununua kwao kidogo."

Mwiko ulimponyoka.

Asubuhi alipofika bandani, lori lilikuwa limeegeshwa mlangoni, na vijana wa kukodi wanapakia cherehani. Orlando alikuwa akifunga kamba.

"Senhor! Ulisema hazirudi!"

"Nilisema wakiridhika. Wameridhika kupita kiasi." Hakugeuka. "Yule bwana amerudi kwao akasema ameona kwa macho yake: Msumbiji inashona, tena inashona vizuri. Wakubwa wake wakahesabu mashati yote yaliyoingia kwa jina letu. Wakaona na sisi tumekuwa kama yule jirani wa kwanza, kuuza tu bila kununua. Wametutia kapu moja naye."

"Lakini mashati si yetu! Ni ya China!"

Orlando ndipo alipogeuka. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu.

"Mana Zubeida, wewe ndiye uliyemwambia ni yetu."

Lori likaondoka. Orlando akapanda mbele, karibu na dereva, na tangu siku hiyo simu yake haikupatikana tena. Wanawake walibaki ndani ya banda tupu. Dalila aliokota kipande cha kitambaa cha buluu, akakikunja, akakitia kifuani, akatoka bila kuaga.

Nyumbani Zubeida alisema wamepumzishwa kidogo. Mamudo akakubali. Mtu akitaka kuamini, hakuulizi mara mbili.

Haukupita muda, Awa akapiga simu. Safari hii hakucheka.

"Dada, wametufunga. Ushuru huu umetumaliza. Wanunuzi wa ng'ambo wameghairi, mama mwenye karakana ametukusanya akalia mbele yetu. Sote, dada. Hakubaki hata mmoja."

Zubeida aliketi chini.

"Kwenu vipi?" Awa aliuliza. "Na ninyi wamewafunga?"

Hapo ndipo angelisema. Si kwamba hakujua. Alijua hapo ndipo. Lakini mtu aliyemuuliza alikuwa mdogo wake aliyembeba mgongoni, na Mamudo alikuwa ameketi karibu akisikiliza.

"Sisi tunaendelea," alisema. "Tumepumzishwa siku chache tu."

"Alhamdulillahi! Basi nakuja kwako. Nitashona hapo hapo kwenu."

"Awa, ngoja kwanza..."

"Ningoje nini, dada? Njaa?"

Awa alikuja. Aligawa vyombo vyake, akauza kitanda, akapakia wanawe na furushi lake kwenye lori la muhogo, akafika Palma amekauka midomo kwa vumbi. Mamudo alimpokea kwa heshima zote.

"Karibu, shemeji. Dada yako atakuombea nafasi. Pale yeye ndiye mkubwa."

Siku mbili Zubeida alitafuta njia ya kusema. Kila alipofungua kinywa, watoto wa Awa walikuwa wanakula, na hakutaka kuwakatizia. Siku ya tatu, jua la mchana likiwa utosini, gari jeupe la serikali lilisimama mbele ya nyumba.

Dona Aurora alishuka. Alikaribishwa mkeka akakaa, akanywa maji, akauliza hali ya kila mtu. Halafu akasema:

"Mana Zubeida, nimekuja kukuuliza swali lile lile. Mashati yale mliyashona?"

Mamudo akadakia kwa fahari. "Dona, kama hajashona yeye, nani..."

"Namuuliza yeye, papá."

Zubeida alimtazama mumewe. Akamtazama mdogo wake, aliyekuwa akimsuka bintiye nywele huku akitabasamu.

"Hatukushona," alisema. "Tulibadilisha lebo. Kazi yetu ilikuwa kubadilisha lebo tu, tangu siku ya kwanza."

Vidole vya Awa vilisimama kichwani mwa mtoto.

"Nilijua," alisema Aurora polepole. "Siku ile nilijua. Mahali panaposhonwa miezi yote hiyo, sakafu haikosi nyuzi wala vipande. Yenu ilikuwa na vipande vya siku chache tu chini ya mashine; kwingine kote safi kama ya msikiti."

"Ulijua ukanyamaza?"

"Nilitazama nyuso zenu. Tangu nije mkoa huu nimefungua ofisi za kugawa mahema na unga. Sikuwahi kuona wanawake kwenye cherehani. Nikasema moyoni, waache wapate. Kumbe na mimi nimewaponza."

Sasa Mamudo akamuuliza mkewe, si Aurora, na sauti ilikuwa ya chini mno:

"Kola au mikono?"

"Mume wangu..."

"Kila jioni nilikuuliza. Kola au mikono? Na ukanijibu." Akainuka, akavaa kofia yake, kisha akaivua, kwa kuwa hakuwa na pa kwenda. Barazani kwa wenzake hakukaliki tena. Akaingia chumbani akafunga mlango.

Awa naye alizungumza. Hakupaza sauti, afadhali angepaza.

"Simu ile, dada. Nilikuuliza mnaendelea? Ukasema mnaendelea."

"Niliona haya, Awa."

"Mimi nimegawa vyombo vyangu." Akaendelea kumsuka mtoto, mikono inakwenda, macho hayaoni. "Wale wenzangu kule Pemba walishona kweli. Kila mshono. Wamefungiwa kwa mashati yako."

Aurora akaeleza kilichomleta. Wageni walikuwa wanarudi Pemba. Patakuwa na kikao. Kama akitokea mtu kusema kwamba mashati yale hayakuwa ya Msumbiji hata kidogo, hesabu ingebadilika, ushuru ungeweza kuondolewa, na karakana kama ya Awa zingefunguliwa tena.

"Na huyo mtu," aliuliza Zubeida, "atafanywa nini?"

Aurora hakumficha. "Orlando hapatikani. Kesi haikubali kiti kitupu, mana."

"Na wenzangu?"

"Ukiwataja, wataitwa."

Zubeida alimtazama Awa kusubiri neno. Awa hakusema nenda wala usiende. Lakini macho yake yalikuwa kwa watoto.

"Nitasema," alisema Zubeida. "Kwa jina langu peke yangu."

Aurora akatoa simu yake, akairekodi sauti ya Zubeida pale pale mkekani, mwanzo mpaka mwisho, wembe na maboksi na kola, na lile neno sisi alilomwambia mgeni. Akaituma Pemba saa ile ile, ili wakubwa waisikie kabla hajafika.

Kabla jua halijazama Zubeida alikwenda Kionga kumuaga Dalila. Alimkuta anatwanga.

"Kesho nakwenda Pemba kusema."

"Nimesikia. Kionga yote imesikia." Dalila hakusimamisha mchi. "Utanitaja?"

"Sitakutaja."

"Apa."

Zubeida aliapa. Dalila akatwanga mara chache zaidi, kisha akasema, "Nilikuambia nakufuata wewe. Sasa sikufuati tena, shoga. Nisamehe." Akaubeba mchi wake akaingia nao ndani.

Asubuhi gari lilipokuja, Mamudo hakutoka chumbani. Awa alikuwa amelala kaelekea ukutani. Au alijifanya amelala. Zubeida alifunga khanga yake, akapanda nyuma. Mbele alikaa Aurora, na dereva wake, Gilberto, mtu wa maneno machache.

Walipita vizuizi vya askari, kimoja baada ya kingine. Waliipita Mocímboa. Zubeida alikuwa akijipangia maneno. Katika dhiki yote ile palikuwa na kitu kimoja tu cha kushika: kwamba ataingia ndani yeye, na wengine watarudi kazini. Kwa hilo, alijiambia, hata jela ni kazi.

Karibu na njia panda ya Awasse, simu ya Aurora ililia. Aliongea Kireno, maneno mafupi mafupi. Ndiyo. Lini. Hapana. Kisha akasikiliza, akaishusha simu mapajani.

"Nini, dona?" Zubeida aliuliza.

"Wameelewana."

"Nani?"

"Wakubwa. China na Marekani. Wamepeana mikono jana. China itanunua zaidi kwa Marekani, na Marekani itapunguza ushuru wake kwa China. Mashati yatapita mlango wa mbele."

"Na ushuru wa kwetu?"

"Haukutajwa."

"Haukutajwa vipi? Umeondolewa?"

"Umebaki, mana. Hakuna aliyeukumbuka."

"Basi tutaukumbusha. Si tunakwenda kikaoni?"

"Hakuna kikao." Aurora alikuwa akitazama mbele. "Wageni hawaji. Hakuna tena anayetaka kujua mashati yale yalishonwa wapi."

Gari lilikwenda. Pembeni palipita mashamba yaliyoachwa, migomba imekauka, nyumba isiyo na paa. Zubeida alimwona Awa akisuka. Karakana ile haitafunguliwa. Watoto wale watakula nini?

"Basi turudi," alisema. "Kama hakuna kikao, nirudishe nyumbani."

Aurora aligeuzia uso dirishani.

"Dona Aurora. Nirudishe."

"Sauti yako nimeshaituma." Alisema hivyo kama mtu anayetapika. "Imefika polisi. Wao hawakupatana na mtu. Kwao kuna mwanamke aliyekiri kwa kinywa chake, na wanamngoja."

"Kwa ajili ya nini sasa?"

"Kwa ajili ya kukiri."

Gilberto alimtazama bosi wake kwa pembe ya jicho. "Chefe," aliuliza, "tunaendelea?"

Aurora aliuma mdomo. Halafu akasema, "Simama."

Gari likasimama. Injini ilipozimwa, hapakusikika kitu ila nyenje. Aurora aligeuka nyuma, na Zubeida akaona kwamba mkubwa yule wa mkoa alikuwa analia.

"Shuka, mana."

"Nishukie wapi?"

"Hapa. Nitasema uliniponyoka kizuizini. Shuka kabla sijabadili nia."

Zubeida alifungua mlango. Joto la barabara lilimpiga usoni. Aliteremsha mguu mmoja, akausikia mchanga wa moto chini ya ndara. Nyuma, siku kadhaa za mwendo wa miguu na vichaka visivyo na mwenyewe, ilikuwa Palma, ambako mume hakutoka kumuaga na shoga amesema hamfuati tena. Mbele ilikuwa Pemba na chumba chenye kufuli. Na akiponyoka, Aurora ataulizwa. Na asipopatikana yeye, watauliza nani mwingine alikuwa bandani. Watafika Kionga.

Hakuushusha mguu wa pili.

Simu ikalia tena. Aurora akaipokea. Sauti ya mwanamume wa polisi ilikuwa kubwa kiasi kwamba wote watatu waliisikia.

"Dona Aurora, yule fundi wa Palma, unaye hapo?"

Aurora aliishusha simu, akamtazama Zubeida.

Zubeida alinyoosha mkono, akaichukua simu kutoka kwenye vidole vyake, akaiweka sikioni.

"Alo? Nani anazungumza?" ile sauti iliuliza.